Neno Fitna: Kutoka Tanuri la Sonara Hadi Mimbari Zetu

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake wote. Ama baad.

Katika maneno ya Kiarabu yaliyopata makazi katika Kiswahili, ni machache yanayotajwa misikitini mara nyingi kama neno fitna, ambalo sisi Waswahili tumeliongezea irabu tukasema fitina. Khatibu akikemea masengenyo husoma aya isemayo kuwa fitna ni kubwa kuliko kuua. Wazee wakitaka kuzima mabishano husema, "Acheni fitina." Na muumini akisimama baada ya Sala ya Ijumaa kuuliza mapato na matumizi ya msikiti, mara nyingine hajibiwi kwa hesabu. Huitwa mfitini, na mazungumzo yakaishia hapo.

Tumeona ni wajibu kulirudisha neno hili kwa wenyewe, yaani katika lugha ya Waarabu, katika Qur'ani, katika Hadithi na katika historia ya umma, ili tujue lina maana gani na lilitumiwaje na wema waliotutangulia. Jambo hili si la wanalugha peke yao. Kumwita Muislamu mwenzako mfitini ni kumhukumu, na hukumu katika dini yetu haisimami ila kwa elimu na ushahidi.

Asili ya neno

Wanavyuoni wa lugha wamekubaliana kwamba shina la herufi tatu, fa, ta na nun, linarejea kwenye maana ya kujaribu na kupima. Al-Jawhari katika Sihahi yake, Ar-Raghib Al-Isfahani katika Mufradati, na Ibn Mandhur (aliyefariki mwaka 711 Hijria, sawa na 1311 Miladia) katika Lisanul Arab, wote wanaturudisha dukani kwa sonara. Waarabu walikuwa wakisema wameifitini dhahabu pale walipoitia motoni ikayeyuka, ili iliyo njema ijitenge na iliyo mbovu. Ndiyo maana sonara mwenyewe aliitwa fattan. Na shetani naye akaitwa fattan, kwa kuwa huwatia watu katika majaribu.

Angalia vizuri mfano huu. Moto wa sonara hauharibu dhahabu, bali unaidhihirisha. Kinachoungua ni takataka iliyochanganyika nayo. Kwa hiyo ndani ya neno fitna mna mambo mawili tangu asili yake: mna moto na maumivu, na mna kudhihirika kwa kilichokuwa kimefichika.

Liko neno jingine lililo ndugu wa hili, nalo ni mihna. Waarabu walilitumia pia kwa kuisafisha fedha kwa moto, kisha likawa jina la majaribu. Katika historia yetu, Mihna ndilo jina la mateso yaliyoanzishwa na Khalifa Al-Ma'mun mwaka 218 Hijria (833 Miladia) ili kuwalazimisha wanavyuoni waseme kuwa Qur'ani imeumbwa. Imam Ahmad bin Hanbal (r.a.) alifungwa na akapigwa mijeledi katika zama za Al-Mu'tasim, asikubali. Nuaym bin Hammad, aliyekusanya kitabu mashuhuri cha Hadithi za fitna, alifia gerezani katika balaa hiyo hiyo. Na kutoka shina la mihna ndiko lilikotoka neno letu mtihani, ambalo kila mtoto wa shule analijua.

Msomaji aliweke hili akilini, maana tutalirudia: Kiswahili kimechukua maneno mawili kutoka tanuri moja. Neno mtihani limebaki na maana yake ya kupimwa. Neno fitina limeshika njia nyingine.

Fitna katika Qur'ani

Wanavyuoni waliotunga vitabu vya maneno yenye sura nyingi katika Qur'ani, kama vile Ibnul Jawzi (aliyefariki mwaka 597 Hijria, 1201 Miladia), wamelihesabia neno hili sura zaidi ya kumi. Hapa tutataja zile ambazo hazina budi kujulikana.

Kwanza, ni mtihani. Katika Suratul Anfal aya ya 28 na Suratut Taghabun aya ya 15, Mwenyezi Mungu anatufahamisha kuwa mali zetu na watoto wetu ni fitna. Katika Suratul Anbiyaa aya ya 35 tunaambiwa kuwa tunajaribiwa kwa shari na kwa kheri pia, na neno lililotumika ni hilo hilo. Mswahili akisikia kuwa mtoto wake ni fitina atashangaa, kwa sababu anamuona mwanawe kuwa neema. Lakini akiambiwa kuwa mtoto ni mtihani, ataelewa mara moja.

Pili, ni kuteswa ili mtu aache dini. Katika Suratul Buruj aya ya 10 wanatajwa waliowafitini waumini wanaume na wanawake, nao ni wale waliowatupa watu katika mahandaki ya moto. Katika Suratun Nahl aya ya 110 wanatajwa waliohama baada ya kufitiniwa.

Tatu, ni adhabu ya moto yenyewe, kama ilivyo katika Suratudh Dhariyat aya ya 13 na 14, na hapa neno limerudi karibu kabisa na tanuri.

Nne, ni kupotosha na kuvuruga safu. Katika Suratu Aali Imran aya ya 7 wanatajwa wenye upotovu nyoyoni, wanaofuata aya zenye kutatiza kwa kutafuta fitna. Katika Suratut Tawba aya ya 47 wanatajwa wanafiki ambao lau wangetoka pamoja na jeshi wangezunguka kati ya watu wakiwatakia fitna.

Hii maana ya nne ndiyo iliyo jirani na fitina yetu ya Kiswahili. Basi atakayeichukua sura hii moja akaifasiria kila aya, atakuwa ameipoteza sehemu kubwa ya maneno ya Mola wake bila kujua.

Kubwa kuliko kuua: ni fitna ipi?

Mfano ulio wazi zaidi ni ile aya inayosomwa sana mimbarini. Maneno hayo yamekuja mahali pawili katika Suratul Baqara, aya ya 191 na aya ya 217, na sababu ya kuteremka hii ya pili inajulikana.

Mwezi wa Rajabu mwaka wa 2 Hijria (624 Miladia), Mtume (s.a.w.) alimtuma Abdullah bin Jahsh (r.a.) na kikosi kidogo hadi Nakhla, baina ya Makka na Taif. Huko walikutana na msafara wa Makureshi, na mtu mmoja aitwaye Amru bin Al-Hadhrami akauawa. Rajabu ni katika miezi mitukufu. Makureshi wakapiga kelele kuwa Muhammad amehalalisha mwezi mtukufu. Hapo ikateremka aya kueleza kwamba kupigana katika mwezi huo ni jambo kubwa, lakini kuwazuilia watu njia ya Mwenyezi Mungu, kumkufuru, kuwazuia wasifike Msikiti Mtukufu na kuwafukuza wenyeji wake ni jambo kubwa zaidi mbele Yake, na kwamba fitna ni kubwa kuliko kuua.

Fitna gani? Ni hiyo waliyoifanya Makureshi ndani ya Makka. Ni kumlaza Bilal (r.a.) juu ya mchanga wa moto na jiwe kifuani. Ni kumuua Bibi Sumayya (r.a.) mbele ya jamaa zake. Ni kumtesa mwanawe, Ammar bin Yasir (r.a.), mpaka akatamka kwa ulimi neno ambalo moyo wake ulilikataa, ikateremka aya ya 106 ya Suratun Nahl kumpa udhuru. At-Tabari (aliyefariki mwaka 310 Hijria, 923 Miladia) ameeleza katika tafsiri yake kwamba muumini kuteswa katika dini yake hata akarejea kwenye shirki ni kukali zaidi kwake kuliko kuuawa hali ya kuwa ameishika dini hiyo. Wengine katika Salaf wamesema kuwa fitna hapa ni shirki yenyewe. Kauli mbili hizi zinakutana.

Hakuna katika wafasiri hao aliyesema kuwa aya imeshuka kwa ajili ya jirani aliyepeleka maneno ya nyumba hii kwenye nyumba ile. Dhambi hiyo ipo, ni kubwa, na ina jina lake katika sharia: namima. Mwenyezi Mungu amemtaja mwenye kwenda na namima katika Suratul Qalam aya ya 11, na Mtume (s.a.w.) amesema katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kuwa mtu huyo hataingia Peponi. Khatibu anayetaka kukemea masengenyo na uchonganishi ana dalili za kumtosha. Hana haja ya kuazima aya ya waliochomwa na kuuawa kwa ajili ya dini, akaifanya kuwa aya ya maneno ya barazani.

Mlango uliovunjwa

Sasa tuingie katika historia, kwani hapo ndipo neno lilipochukua maana ya machafuko ya umma.

Bukhari na Muslim wamepokea kwa Hudhayfa bin Al-Yaman (r.a.) kwamba siku moja walikuwa wamekaa kwa Sayyidna Umar (r.a.), akauliza ni nani kati yao aliyehifadhi kauli ya Mtume (s.a.w.) juu ya fitna. Hudhayfa akasema kuwa yeye ameihifadhi, akaeleza: fitna ya mtu katika ahali yake, mali yake, watoto wake na jirani yake hufutwa na sala, saumu, sadaka, kuamrisha mema na kukataza maovu. Sayyidna Umar akasema kuwa si hiyo aliyoikusudia. Aliikusudia ile itakayovurumika kama mawimbi ya bahari. Hudhayfa akamjibu kuwa hiyo haimdhuru yeye, kwa kuwa baina yake na fitna hiyo kuna mlango uliofungwa. Sayyidna Umar akauliza kama mlango huo utafunguliwa au utavunjwa. Akajibiwa kuwa utavunjwa. Akasema: basi hautafungwa tena. Baadaye Hudhayfa aliulizwa mlango huo ni nani, akasema ni Umar mwenyewe, naye alikuwa akilijua hilo.

Katika kikao hicho kimoja neno limesimama kwa maana zake mbili. Hudhayfa alianza na mtihani wa mtu nyumbani kwake, nao una dawa na kafara. Sayyidna Umar aliuliza juu ya mtihani wa umma mzima, ambao mtu mmoja hawezi kuuzima kwa kusali na kutoa sadaka peke yake.

Mwaka 23 Hijria (644 Miladia) Sayyidna Umar alichomwa jambia katika Sala ya Alfajiri. Mlango ukavunjika. Miaka 12 baadaye, mwezi wa Dhulhija mwaka 35 (656 Miladia), watu waliotoka Misri, Kufa na Basra waliizingira nyumba ya Sayyidna Uthman (r.a.) mjini Madina wakamuua. Yeye aliwakataza Masahaba wasimwage damu kwa ajili yake. Mwaka 36 vikatokea Vita vya Ngamia karibu na Basra, Sayyidna Ali (r.a.) upande mmoja, na Bibi Aisha, Talha na Zubayr (r.a.) upande wa pili. Mwaka 37 (657 Miladia) vikatokea vita vya Siffin, kando ya mto Furati, baina ya Sayyidna Ali na Muawiya (r.a.). Mwaka 38 wakapigwa Makhawariji huko Nahrawan, na Ramadhani ya mwaka 40 (661 Miladia) mmoja wao akamuua Sayyidna Ali mjini Kufa.

Wanahistoria waliyaita mambo haya Al-Fitnatul Kubra, yaani Fitna Kubwa. Na jina hilo halikuwekwa ili kuwatukana Masahaba. Itikadi ya Ahlus Sunna ni kuwataja wote kwa wema na kuwahesabu kuwa walijitahidi, na kwamba Sayyidna Ali ndiye aliyekuwa karibu zaidi na haki. Yaliitwa fitna kwa maana ya tanuri: umma ulitiwa motoni, na haki na batili zikachanganyika machoni mwa watu kiasi cha kuwatatiza hata wabora wao.

Mtazame Ammar bin Yasir. Mwanzoni aliteswa Makka na makafiri, na hiyo ndiyo fitna ya Suratul Baqara. Uzee wake, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 90 kwa mujibu wa wanahistoria, aliuawa Siffin katika safu za Sayyidna Ali, na waliomuua walikuwa Waislamu. Mtume (s.a.w.) alikuwa ameshasema kwamba Ammar atauawa na kundi lililochupa mipaka. Mtu mmoja aliziona fitna zote mbili. Ya kwanza alimjua adui yake kwa jina na kwa dini. Ya pili, wote walielekea kibla kimoja.

Ibn Umar na walioichanganya aya

Kwa kuwa neno lilikuwa na maana hizi mbili, watu hawakukawia kuzichanganya. Bukhari amepokea kwamba katika fitna ya Ibn Zubayr watu wawili walimjia Abdullah bin Umar (r.a.) wakamlaumu kwa kukaa nyumbani. Hoja yao ilikuwa aya ya 193 ya Suratul Baqara, inayoamrisha kupigana mpaka pasiwe na fitna. Ibn Umar aliwajibu kuwa wao, Masahaba, walikwisha kupigana mpaka fitna ikaondoka na dini ikawa ya Mwenyezi Mungu. Lakini ninyi, aliwaambia, mnataka kupigana mpaka fitna iwepo na dini iwe ya asiyekuwa Mwenyezi Mungu. Na katika mapokezi mengine alimuuliza mwenye hoja kama anajua fitna ni nini, kisha akamweleza kuwa Mtume (s.a.w.) alipigana na washirikina waliokuwa wakiwarudisha watu katika ukafiri, wala hakupigana kama ninyi mnavyopigania ufalme.

Jibu hili ni somo kamili la usuli. Vijana wale hawakuibadili aya hata herufi moja. Waliichukua fitna ya Makka wakaivisha mzozo wa Waislamu wawili juu ya utawala. Kwa kosa hilo la neno moja, damu iliyoharamishwa ikaonekana halali machoni mwao. Ibn Umar alianza kwa kuwauliza maana ya neno, kabla ya kuwaambia lolote juu ya upanga.

Hakuwa peke yake. Saad bin Abi Waqqas, Usama bin Zayd na Muhammad bin Maslama (r.a.) nao walijitenga na mapigano baina ya Waislamu. Mwaka 41 Hijria (661 Miladia) Sayyidna Hasan bin Ali (r.a.) alisuluhisha na Muawiya akaacha madaraka, na mwaka huo ukaitwa Mwaka wa Jamaa. Mtume (s.a.w.) alikuwa amembashiria kuwa kwa sababu yake Mwenyezi Mungu atayapatanisha makundi mawili makubwa ya Waislamu.

Kilichodhihirika baada ya moto

Tumesema kuwa tanuri hudhihirisha. Je, Fitna Kubwa iliudhihirishia umma nini katika elimu?

La kwanza ni isnadi. Imam Muslim, katika utangulizi wa Sahihi yake, amepokea kwa Muhammad bin Sirin (aliyefariki mwaka 110 Hijria) kwamba hapo kwanza watu hawakuwa wakiulizia isnadi, lakini fitna ilipotokea wakasema: tutajieni watu wenu, ili ichukuliwe Hadithi ya watu wa Sunna na iachwe ya watu wa bidaa. Hebu tuzingatie. Wema hao hawakuijibu fitna kwa kuwakataza watu wasiulize. Waliijibu kwa kuuliza zaidi: nani kakwambia, naye kaambiwa na nani? Elimu nzima ya Hadithi tunayojivunia imesimama juu ya swali hilo.

La pili ni hukumu za bughati, yaani Waislamu waliotoka katika utii kwa taawili. Katika Vita vya Ngamia Sayyidna Ali alikataza kumfuata anayekimbia, kummaliza majeruhi na kuchukua mali za Waislamu kuwa ngawira. Kutokana na mwenendo huo na aya ya 9 ya Suratul Hujurat, Imam Shafii na wanavyuoni wengine walijenga mlango mzima wa fiqhi. Na aya hiyo imeanza na kusuluhisha, kisha ikamalizia na kusuluhisha kwa uadilifu.

La tatu ni masuala ya damu na mali. Imepokewa kwa Az-Zuhri (aliyefariki mwaka 124 Hijria) kwamba fitna ilipotokea Masahaba walikuwa wengi, nao wakaona kuwa damu iliyomwagwa na mali iliyoharibiwa kwa taawili ya Qur'ani haina kisasi wala fidia. Lau wangefungua mlango wa kulipizana, vita visingekwisha mpaka leo.

La nne ni biashara. Bukhari ameweka mlango maalumu juu ya kuuza silaha wakati wa fitna, na ametaja kuwa Imran bin Husayn (r.a.) alilichukia jambo hilo. Mfanyabiashara naye hakuachwa aseme kuwa yeye ni muuzaji tu, mengine hayamhusu.

Kuogopa fitna, na kujificha nyuma ya fitna

Katika vitabu vya fiqhi msomaji atakutana mara nyingi na ibara "ikiwa inahofiwa fitna". Ni msingi sahihi katika kuziba njia za maovu. Lakini Qur'ani imetuonyesha kwamba hata msingi huu huweza kufanywa kichaka cha kujifichia.

Mwaka wa 9 Hijria (630 Miladia), Mtume (s.a.w.) alipokuwa akiandaa msafara wa Tabuk, mtu aitwaye Al-Jaddu bin Qays aliomba ruhusa abaki. Wafasiri wanaeleza kuwa alidai hawezi kujizuia akiwaona wanawake wa Kirumi, kwa hiyo asitiwe katika fitna. Ikateremka aya ya 49 ya Suratut Tawba ikieleza kwamba watu wa namna hiyo wameshaanguka ndani ya fitna kwa huko kukaa kwao nyuma. Alitumia lugha ya wacha Mungu kukwepa wajibu, na Mwenyezi Mungu akamfichua.

Kwa hiyo wanavyuoni wanapozungumzia hofu ya fitna, hawakusudii kila dhana inayompitia mtu kichwani. Chukua suala la wanawake kwenda msikitini. Mtume (s.a.w.) amekataza wasizuiwe. Bibi Aisha (r.a.), alipoona mabadiliko ya watu, alisema kwamba lau Mtume angeyaona angewazuia. An-Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria, 1277 Miladia) katika sherehe yake ya Sahihi Muslim ametaja masharti ya kutoka kwao. Hayo yote ni maneno ya elimu, yenye dalili na mipaka. Lakini mtoto mmoja wa Ibn Umar aliposema mbele ya baba yake kuwa wallahi watawazuia, Ibn Umar alimkemea ukemeo mkali ambao hawakuwahi kuusikia kwake, kwa kuipinga Hadithi kwa rai yake. Tofauti ni kubwa baina ya faqihi anayepima fitna iliyothibiti, na mtu anayelitaja neno ili asiulizwe dalili.

Fitina ya Kiswahili

Sasa turudi nyumbani. Katika Kiswahili fitina ni maneno ya kugombanisha watu, kufitini au kufitinisha ni kutia uadui baina yao, na mwenye kufanya hivyo ni mfitini au fatani. Hakuna aibu katika hilo. Kila lugha ikipokea neno hulipa kazi inayoitaka yenyewe, na Mswahili akisema mtaani kuwa fulani ana fitina, kila mtu ameelewa. Tatizo huanza pale tunapoichukua maana ya mtaani tukairudisha ndani ya Qur'ani, tukadhani kuwa Mwenyezi Mungu anasema tusemavyo sisi.

Neno fatani lenyewe lina Hadithi ambayo sisi maimamu tunapaswa kuisoma kila tukitaka kumbandika mtu jina. Bukhari na Muslim wamepokea kuwa Muadh bin Jabal (r.a.) alikuwa akisali Isha na Mtume (s.a.w.), kisha akienda kuwasalisha watu wake. Usiku mmoja aliwasomea Suratul Baqara. Mtu mmoja, mwenye kazi ya kunywesha mimea kwa ngamia, akajitoa akasali peke yake. Muadh akasema huyo ni mnafiki. Yule bwana akaenda kwa Mtume (s.a.w.) kushtaki, akaeleza kazi yake na uchovu wake. Mtume (s.a.w.) hakumwambia mlalamikaji kuwa ameleta fitna msikitini. Alimgeukia imamu, akamuuliza mara tatu kama yeye ni fattan, akamwelekeza asome sura fupi kama Sabbihi, Wash-shamsi na Wal-layli.

Muadh ni katika wanavyuoni wakubwa wa Masahaba, na nia yake ilikuwa njema. Pamoja na hayo, fitna ilikuwa katika kuwachosha watu mpaka waichukie ibada, wala haikuwa katika kulalamika kwa aliyechoshwa.

Nasaha kwa maimamu na wanafunzi

Kutokana na hayo yaliyotangulia, tunawausia ndugu zetu mambo matatu.

La kwanza, tunaposoma aya yenye neno fitna mbele ya waumini, tulifasiri kwa mujibu wa mahali pake. Panapokusudiwa kupimwa, tuseme mtihani. Panapokusudiwa kuteswa kwa ajili ya dini, tuseme hivyo. Na tukitaka kukemea uchonganishi tusome dalili za namima na ghiba, ambazo ni nyingi na ni nzito.

La pili, tusimwite mtu mfitini kwa sababu ameuliza. Anayetaka kujua fedha za wakfu zimekwenda wapi anaulizia amana, na amana ni deni mbele ya Mwenyezi Mungu. Ikiwa swali lake lina ubaya katika namna ya kuulizwa, afundishwe adabu, na hesabu aonyeshwe. Mara nyingi tumeshuhudia misikiti ikigawanyika makundi mawili kwa swali ambalo lingekwisha kwa daftari moja kufunguliwa.

La tatu, anayechochea kweli asiachwe. Wapo wanaochukua kauli ya sheikh huyu wakaipeleka kwa yule imeongezwa chumvi, na siku hizi simu imewarahisishia kazi: sauti hukatwa kipande ikasambazwa mji mzima kabla ya Sala ya Alasiri. Dawa yake ni ile ya Suratul Hujurat aya ya 6, yaani kuhakikisha habari kabla ya kuifanyia kazi, na ndiyo dawa ya Ibn Sirin: nani kakwambia?

Kila Muislamu anayesali hufundishwa, kabla ya kutoa salamu katika tahiyatu ya mwisho, kujikinga kwa Mwenyezi Mungu na mambo manne, na mojawapo ni fitna ya uhai na ya mauti. Tunaiomba dua hiyo kila siku. Basi tuiombe tukijua tunachokiomba: kwamba tukitiwa katika tanuri la mali, la watoto, la uongozi au la mizozo ya wakati wetu, tutoke tukiwa dahabu safi na si takataka.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atukinge na fitna zilizo dhahiri na zilizofichika, azipatanishe nyoyo za Waislamu, na atujaalie tuwe wenye kuyaweka maneno Yake mahali pake. Amin.

Wallahu aalam.